Majibu ya Bariere

Kahindo,

Hauna haya? Tangu mvua zianze mpaka leo haujanijia hata kwa ndoto. Zamani ulikuwa unakuja, unasimama mikono nyuma, hausalimii, hauombi hata maji, kisha unaenda. Nikasema basi, ni mwalimu, amezoea kusimama. Sasa hata hiyo umeacha. Jirani yangu hapa, marehemu bwana yake anamujia kila juma kumugombeza juu ya mbuzi mwenye aliuza. Kila juma! Na alipokuwa muzima alikuwa mutu wa kimya. Wewe mwenye ulikuwa na kinywa kupita watu wote wa Kibati, njo umenyamaza. Sawa. Kama hauji, mimi natuma barua.

Mwenye anashika kalamu ni mutoto wako Masika, mujukuu wangu, mwenye ananiita koko. Unajua mimi maandishi nayaona kama sisimizi wanaenda safari. Alitaka kuanza na "Mama mpendwa, natumaini uko salama." Nikamuambia, amekufa, salama ya wapi? Andika vile nasema, usinisafishie maneno. Amecheka, lakini ameandika.

Nimekasirika, Kahindo. Nakuambia mapema usije ukafikiri hii ni barua ya kulia lia.

Masika ana miaka kumi na minane. Amekupita urefu, ananipita mimi kichwa na nusu. Baba yake hajarudi tangu aende kutafuta maisha mbali, usiniulize habari zake, sina. Tumekimbia vita tena mara mbili tangu uende. Tulirudi mara mbili. Sasa tuko Katoyi, chumba kimoja cha mbao juu ya mawe meusi, na mimi natwanga sombe, majani ya muhogo, nauza kule Mabanga. Magoti yangu yananiambia mvua inakuja kabla ya mawingu. Mutoto hajawahi kuacha masomo. Hata mwaka wenye tulilala chini ya hema, alienda masomo. Mwaka huu njo anamaliza sekondari. Hiyo ni kazi yangu mimi, siyo yako, na nataka uijue.

Sasa sikia mambo yenye yameniletea hasira.

Mwalimu wao anaitwa Madame Espérance, musichana mwembamba, sauti ya kuamsha kijiji. Aliona watoto wanamaliza masomo, wanaenda kuomba kazi, wanarudi mikono mitupu, hata wale wenye akili. Akasema, hawajui kuongea mbele ya patron, yule mwenye kutoa kazi. Basi kila Jumamosi anageuza darasa kuwa ofisi. Meza moja mbele, upande huu anakaa patron, upande ule anakaa mwenye kuomba kazi. Hiyo wanaita entretien. Anafundisha mutoto kugonga mulango, kusalimia, kungoja aambiwe akae, kutaja majina yake yote, kumuangalia mutu machoni, kusema kazi yenye anaijua bila kujikunja kama konokono.

Lakini watoto wakiulizana wenyewe kwa wenyewe ni kicheko tu. Madame akaita wazazi waje kuwa mapatron. Masika hakuniambia! Nilisikia kwa mama wa Kambale, yule mwenye anasoma na Masika, wakati tunapanga foleni ya maji. Nikamuuliza mutoto, umeona haya juu yangu? Akasema, "Hapana, koko, niliona nitakuchokesha bure." Muongo. Nikavaa kitenge changu cha misa nikaenda.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa ndani ya darasa. Miaka yote yenye ulifundisha, mimi nilikuwa naishia kwa dirisha nikikuletea viazi. Nilikaa kwa benchi la nyuma, magoti yakagonga meza. Nikasema moyoni, kumbe hapa njo watu wanakaa kutwa nzima. Hata kuku hawezi.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Kambale. Patron wake, papa mmoja mwenye duka la misumari, akamuuliza lugha zenye anajua. Kambale akasema, "Kifaransa, Kiingereza, na Kichina kidogo."

"Sema hicho Kichina."

"Kile kidogo, patron, nimekisahau."

Watu tulikufa kwa kicheko. Wakamuuliza kasoro yake ni gani. Akakunja uso kama askofu, akasema, "Kasoro yangu, napenda kazi kupita kiasi." Mimi sikuvumilia. Nikasema kutoka nyuma, "Wee Kambale! Juzi mama yako amepaza sauti mpaka imekauka, eti uende kuchota maji, ulikuwa wapi na hayo mapenzi ya kazi?" Madame akasema, "Mama, tafadhali, zamu yako itafika."

Ikafika.

Masika alikuwa ameandikia depo moja ya dawa kule Mabanga. Walitafuta mutu wa kupanga dawa na kuandika zenye zinaingia na zenye zinatoka. Depo ilijibu: uje Jumatano tukuulize maswali. Jumatano ya kweli, kazi ya kweli, Kahindo, siyo mchezo wa darasa. Kwa hiyo Madame alinikalisha kwa kiti cha patron, akaniambia, "Leo uko mwenye depo." Maswali alinifundisha kwa kinywa, mimi nikayashika kichwani. Nilifurahi. Nilinyoosha shingo. Nilisema, leo mutu ataona mutoto wa nani anajua kujibu.

Masika akagonga, akaingia, akasimama. Macho chini. Mikono mbele, imefunguliwa, ili mutu aone haina kitu.

"Unaitwa nani?"

"Rosette."

"Rosette nani?"

"Rosette tu, shefu."

Shefu! Mimi!

"Unatoka wapi?"

"Hapa karibu tu."

"Unajua kufanya nini?"

"Sijui kitu, shefu."

"Umeleta nini?"

"Sina kitu." Na mufuko wa karatasi zake za masomo, zenye alama nzuri, ulikuwa unaning'inia kwa bega!

Wenzake walianza kucheka. Madame akawa anamunong'oneza kutoka pembeni, "Tabasamu, Masika, tabasamu." Kisha, ili kumusaidia, akasema, "Mama yako si alikuwa mwalimu? Mueleze patron juu ya mama yako."

Masika akajibu bila kuinua macho. "Simujui huyo mwanamuke."

Kicheko kilikatika. Kambale, yule wa Kichina, alisimama. Hakuwa anacheza tena. Akasema, "Madame, hayo ni majibu ya bariere, ya kujibu watu wa bunduki njiani. Na mimi koko yangu alinifundisha hivyo hivyo." Musichana mmoja akainua mukono, eti na yeye. Kisha mwingine. Kisha benchi zima. Madame Espérance akaweka chaki chini.

Nikampigia kelele yeye, kwa sababu alikuwa karibu. Nikamuambia, "Atabasamu juu ya nini? Unataka watoto waangalie watu machoni, unajua bei ya kuangalia mutu machoni? Nani aliwafundisha hawa kuinamisha kichwa, unafikiri ni ujinga?" Aliketi kwa benchi kama mwanafunzi, akanisikiliza mpaka nikaisha pumzi. Kisha akasimama. Akamutilia Masika maji ya kunywa kwa kikombe chake mwenyewe. Hapo njo nilijua nimegombeza mutu mwenye hana kosa.

Maana mwalimu wa yale majibu ni mimi.

Mimi, mwenye sikusoma, njo nilimufundisha vizuri kuliko wote. Tangu siku uliyoenda, kila tukikaribia bariere, kamba imefungwa njiani, nilimurudishia somo. Macho chini. Mikono waione. Sema jina la ubatizo tu, lile lingine linawaambia wewe ni mutu wa wapi. Haujui kitu. Hauna kitu. Mama yako? Haumujui. Nilimuambia asubuhi, nilimuambia akila. Nilimufinya akikosea. Na akiniuliza juu ya nini, kwa sababu gani, nilimujibu: mama yako alikufa juu ya kinywa chake, wewe utakaa muzima.

Andika, Masika. Na hilo pia andika. Ulie baadaye, karatasi inalowa.

Sasa nitasema yenye wewe na mimi tunajua, Kahindo. Tulikuwa tunashuka kutoka Kibati na watu wengi, mutoto nimemubeba mugongoni ingawa alikuwa na miaka saba. Wewe ulibeba mufuko mukubwa. Nilifikiri ni chakula, kumbe ni madaftari ya wanafunzi! Mutu anakimbia vita na madaftari ya watoto wa wengine! Pale kwa kamba watu wa bunduki wakaufungua. Wakaona majina mengi, orodha ya darasa zima. Wakasema hii ni orodha ya nini, unaandikia nani majina ya watu? Ukasema, "Niko mwalimu, hawa ni wanafunzi wangu, wa mwaka wa pili." Ulisema kwa ile sauti yako ya ubao. Wakakuweka pembeni.

Kisha mmoja akaniuliza mimi, "Mama, unamujua huyu?"

Nilikuangalia. Na wewe ukaniangalia na yale macho yenye ulikuwa unaangalia nayo mutoto mwenye anataka kusimama kabla ya kuambiwa. Uliniamuru nikukatae, Kahindo! Mama yako mzazi! Nikasema, "Simujui." Wakakuuliza wewe, ukasema, "Na mimi siwajui." Wakatuambia tupite. Masika akaanza kuita mama, nikageuza mukono nyuma, nikamufunga kinywa na huu mukono. Nilitembea. Nilisikia. Sikugeuka.

Miaka kumi na moja nakukasirikia juu ya yale macho. Ungeniacha niseme ndiyo. Ungeniuliza kwanza. Mimi nilikuzaa kwa siku mbili za uchungu, wakunga wawili walichoka, halafu neno langu la mwisho juu yako mbele ya watu ni kwamba sikujui. Na juu ya msalaba wako kule kwa njia ya Kibati nilikataa wenye walikuzika waandike jina. Niliogopa. Nilisema mutu atalisoma, atauliza ndugu zake ni nani.

Siku ya darasa tulirudi nyumbani. Nikaweka majani ya sombe kati yetu, tukachambua. Ndipo nikamueleza yote, na ile sehemu yangu, ya kwamba nilitangulia mimi kusema simujui. Hakuwa anaijua. Alikuwa mugongoni, uso amenilalia, alisikia neno la kwako tu.

Alichambua majani mengi kabla ya kusema. "Koko, siku zote uliniambia mama alikufa juu ya kinywa."

"Nilisema."

"Walimushika juu ya nini?"

"Juu ya madaftari."

"Na sisi tulipita juu ya nini?"

Nilitaka kumuambia nyamaza. Neno lilikuwa tayari kwa ulimi. Nikalimeza. Nikasema, "Juu ya kinywa chake."

"Basi usiniambie tena hivyo," akasema. Hivyo tu. Akaendelea kuchambua.

Zilibaki siku nne kufika Jumatano. Nikawa patron wa kweli. Mimi natwanga kwa kinu upande huu wa kiwanja, yeye anasimama kule kwa ukuta wa mawe, na kama simusikii juu ya mlio wa kinu, simujibu, natwanga tu. Siku ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mbu. Siku ya pili ilikuwa ya mbuzi. Siku ya tatu jirani akatoka nje kuuliza kama tunagombana. Nikamuambia, "Hapana, mama, tunatafuta kazi." Shida kubwa ilikuwa macho. Mutoto mwenye amelelewa vizuri haangalii mukubwa machoni, wewe mwenyewe nilikulea hivyo. Tulikubaliana aangalie hapa, kati ya nyusi. Patron hatajua, na heshima haitavunjika.

Jumatano nilimusindikiza. Nilikaa nje kwa ngazi ya depo, chini ya dirisha lenye lilikuwa wazi. Mwenye depo ni papa mmoja wa miwani, anakohoa kabla ya kila swali.

"Jina?"

"Naitwa Masika Rosette. Masika ni jina la musichana wa kwanza kwa mama yake."

Kahindo, nilishika ukuta.

Alimuuliza anajua nini. Akasema anajua kupanga, kuhesabu, kuandika yenye inaingia na yenye inatoka, na kwamba akikosea anasema amekosea. Akatoa karatasi zake zote kwa mufuko, akaziweka mezani. Papa akauliza nani alimufundisha kuandika vizuri hivyo. Akasema, "Mama yangu, Kahindo, mwalimu wa Kibati. Alinianzisha kuandika, na hesabu na maharagi, kabla sijaingia masomo. Aliuawa njiani tukikimbia. Koko yangu njo amenimalizia." Papa akakohoa. Akasema pole.

Basi, kumbe wakati huo kijana mmoja alitoka chumba cha nyuma, amevaa blouse, koti ya kazi ya depo, ufunguo wa depo kwa mukanda, anamuita papa mjomba, anauliza katoni za juzi azipange wapi. Za juzi! Kazi ilikuwa na mutu tangu Jumatatu.

Ningekuwa mimi, ningeondoka kimya nikatukane njiani. Masika alisema, na siyo kwa hasira, "Papa, kama kazi imekwisha kupata mutu, mbona umetuita?"

Na huu mukono, Kahindo, ulijiinua wenyewe. Ulikuwa unaenda kufunga kinywa chenye kilikuwa upande mwingine wa ukuta. Niliurudisha kwa nguvu, nikaukalia.

Papa akavua miwani, akaifuta. Kisha, "Binti, una kinywa."

"Ndiyo, papa. Nimekirithi."

Hakumupa kazi. Sitakudanganya, wewe haukupenda uongo. Alisema aache karatasi, labda siku ingine. Mimi niliingia, sikugonga mulango, nikamuambia, "Papa, huyu umemukosa, na siku utamuhitaji utakuja Katoyi wewe mwenyewe, na utapanda hayo mawe na hiyo miwani yako." Akasema, "Ndiyo, mama." Alionekana kama mutu mwenye anataka tutoke haraka.

Njiani Masika alikuwa anatembea mbele, anarusha mikono, anaongea peke yake maneno yenye angeongeza. Mimi nyuma, naangalia kushoto na kulia. Umenirudishia kinywa chako nyumbani, Kahindo, unajua? Kamba bado ziko njiani. Kila akitoka sasa nitahesabu nyayo zake. Nilimuambia, sikia, kwa meza jibu ya meza, kwa bariere jibu ya bariere, usichanganye. Akasema, "Koko, nimesikia. Lakini juu ya mama, sitasema tena simujui. Popote." Nikamuambia watakuua. Akasema tena, "Popote." Nilimutukana mpaka tukafika nyumbani, kisha nikamupikia mayai mawili.

Bado nakukasirikia. Usifikiri imeisha. Nakasirikia wale wenye walifunga ile kamba, na wenye wanaifunga leo, na papa wa miwani, na mimi mwenyewe, na wewe na macho yako ya ualimu. Lakini nimekubali kitu kimoja. Madame Espérance alikuja hapa na sukari, akaniomba niwe patron kila Jumamosi. Amesema watoto wananiogopa kuliko patron yeyote. Nitaenda. Kila mutoto mwenye ataniambia "sijui kitu" nitamurudisha nje agonge tena, mpaka aseme jina lake na la mama yake. Na barabara ya Kibati ikipitika, Masika atabeba rangi na burashi, ataandika jina lako lote juu ya ule msalaba. Nitasimama pale hadi likauke. Mutu akiuliza, nitamujibu.

Lala basi, mutoto wangu. Mukaidi wangu. Pumzisha hiyo sauti.

Na siku utakuja, usije kwangu peke yangu. Uje wakati Masika yupo. Nitakuuliza mbele yake kama unanijua, na wewe utaniuliza kama nakujua. Nitatangulia mimi kujibu, kwa sababu siku ile nilitangulia mimi kukataa. Kisha ujibu na wewe, kwa sauti, na jina langu lote.

Mimi mama yako.